Honi ya pikapu kuukuu: igeuze uhesabu pini

Mwezi uliopita nilitoa shilingi 35,000 kwa jozi ya honi zenye boksi la kung'aa, zikafungwa kwenye Hilux yangu ya mwaka 1994, na kesho yake alfajiri nikashuka nayo Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kuchukua dagaa. Mbele yangu mkokoteni umejaa magunia, msukumaji amenipa mgongo. Nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Msukumaji hata hakugeuka. Aliyegeuka ni mama muuza chai, akacheka mpaka akaweka birika chini.

Nilipowasimulia wenzangu wenye pikapu, kumbe karibu kila mmoja ana honi yake iliyomuaibisha, na wote wanalaumu honi. Mimi pia nililaumu honi, hadi fundi umeme mmoja wa Igoma alipoigeuza na kuniuliza, "Mayu (yaani mama), hii ina pini ngapi?" Pini ni kile kijino cha chuma cha kuchomekea waya.

Kwa hiyo leo siongelei rangi wala desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti. Desibeli za kwenye boksi hazina maana kama hujaambiwa zimepimwa umbali gani. Kila umbali ukizidi maradufu, sauti hupungua kama desibeli 6. Mmoja akipima kwa nusu mita na mwingine kwa mita 2, honi ile ile itapishana desibeli 12. Muuzaji anakusomea namba kama anasoma Zaburi, wewe itikia tu na uigeuze honi.

Honi ya pini moja inaingiza umeme kwenye pini, halafu umeme huo unarudi betri kupitia bolti iliyoishikilia na bodi ya gari. Bodi ndiyo ati (earth) yake, njia ya umeme kurudi. Gari likiwa jipya, hakuna tatizo. Lakini langu lina miaka zaidi ya 30, limepigwa rangi mara mbili, na kila msimu wa mvua linaoga matope. Bolti imekalia rangi juu ya kutu. Rangi haipitishi umeme, na kutu inaupitisha kwa shingo upande. Honi inapata umeme wa kukohoa tu. Ya pini mbili ina pini yake ya kurudishia: unavuta waya hadi kwenye hasi ya betri na kutu inabaki na mambo yake.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua kipande cha waya, ncha moja gusisha hasi ya betri, nyingine gusisha chuma kitupu cha honi uliyonayo, kisha mtu abonyeze. Sauti ikipanda ghafla, honi yako ni nzima, gari ndilo linakula umeme. Mwenye mita apime volti kati ya hasi ya betri na mwili wa honi wakati inalia. Inatakiwa isomeke karibu na sifuri. Yangu ilisoma 3 na ushee. Volti 3 zinapotelea kwenye kutu, halafu mimi niko dukani nabishana na mtu kuhusu kelele!

Sasa orodha yangu, na upendeleo wangu siufichi.

Namba moja ni Hella, ile jozi ya Kijerumani inayoitwa Supertone, yenye wavu mwekundu usoni. Kila honi ina pini mbili. Moja ni nzito, hezi 300, nyingine nyembamba, hezi 500, na zikilia pamoja mtu wa bodaboda aliyevaa helmeti anajua nyuma yake kuna gari. Ndizo nilizofunga baada ya aibu ile, na mpaka sasa hakuna ambaye hakugeuka. Ila zinakula umeme: wati 66 kila moja, yaani karibu ampea 11 kwa jozi, na fyuzi ya honi kwenye magari haya ya zamani huwa ya 10 au 15. Usizining'inize kwenye waya wa zamani. Rilei, swichi ndogo inayowashwa na umeme ili mzigo mzito upite waya mwingine, imo ndani ya boksi, itumie. Pini zake zina namba. Waya wa honi ya zamani unakwenda pini 86, pini 85 inakwenda ati, 30 inatoka chanya ya betri kupitia fyuzi yake, 87 inakwenda kwenye honi. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5, wenye nyuzi nyingi laini, si ule mgumu wa soketi za nyumbani. Fundi akikwambia rilei ni mbwembwe, mshukuru na uchukue funguo zako.

Namba mbili ni Denso za mtumba, zilizofunguliwa kwenye magari ya Kijapani. Bei yake haiumizi na chuma chake ni cha kweli. Nilizoziona mimi nyingi ni za pini moja, kwa hiyo kwangua rangi hadi chuma king'ae, kisha bana waya wa ati chini ya bolti ile ile. Na usitupe kile kibati chake chembamba cha kuninginizia. Honi inahitaji kucheza. Ukiibana moja kwa moja kwenye chasi inakaba.

Namba tatu, zile za umbo la konokono. Sauti yake tamu, kama ya gari la kiongozi, ila mdomo lazima uangalie chini. Ukiangalia juu au mbele inakunywa maji ya mvua, na nimeona moja ikimwagwa tope kama kikombe cha uji.

Honi ya upepo waachie wenye malori. Ina pampu, ina mpira wa kuvuja, na ukiipiga Mabatini saa kumi na moja asubuhi majirani watakutafuta. Zile za elfu saba za mezani kwa machinga ni za pikipiki.

Nirudi kwenye boksi langu la 35,000. Jozi nyingi huwa na herufi mgongoni: H kwa sauti ya juu, L kwa ya chini. Zangu zote mbili zilikuwa H. Nimeuziwa honi moja mara mbili! Nikarudi dukani. Kijana akanionyesha risiti, kwa chini imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia basi tuijaribu hapa hapa kwa betri, betri zimepangwa ukutani nyuma yake. Akasema betri za duka si za kujaribia. Spea ya umeme huruhusiwi kuijaribu kabla ya kununua, na baada ya kununua huruhusiwi kuirudisha. Sasa mnunuzi aijaribu lini?

Na bei yenyewe inategemea nani anauliza. Nilipoenda kuulizia Hella, nilishuka kwenye gari na nikatajiwa bei. Nusu saa baadaye nikamtuma kijana wa bodaboda, duka lile lile, boksi lile lile. Akarudi na honi, risiti, na chenji ya 40,000 kutoka kwenye ile bei niliyotajiwa mimi. Nikampa 5,000 ya mafuta. Sasa spea zote ananunua yeye.