Kondoa nendeni, ila msiende na hawa jamaa

Nilisema hasira zitapoa ndipo niandike. Hazijapoa, basi ngoja niandike hivyo hivyo.

Juzi juzi, kabla mvua hazijaanza, tulichangishana kazini tukalipa watu wanaojiita waandaaji wa safari watupeleke Kondoa. Siwataji, watajijua. Na nisiwaonee: gari lilikuwa zima, lami kutoka Dodoma ni ya kuteleza tu, na pilau tuliyolishwa pale mjini sijawahi kuila kwenye harusi yoyote. Kwenye tangazo lao waliahidi chemchemi ya Kondoa, tukaiona kupitia dirishani. Waliahidi pia historia ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, majeshi ya upande wa Waingereza chini ya van Deventer yalipoiteka Kondoa na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja kuirudisha akashindwa. Hatukusikia hata mlio wa risasi. Hayo nayasamehe.

Nisichosamehe kilitokea Kolo, kule juu Mungomi, kwenye michoro ya kale ya miambani.

Unapanda kwa miguu, miiba inakushika nguo, jua kali, halafu ghafla uko chini ya jabali lililoinama kama ukumbi. Mwanzoni huoni kitu. Macho yakizoea kivuli, wanatokea: watu wembamba, warefu, vichwa vimevimba kwa mitindo ya nywele, na wanyama wa rangi nyekundu iliyofifia. Mzee wa pale aliyetutembeza alinyoosha kijiti, bila kugusa mwamba, akatuonyesha twiga. Shingo, mgongo, kisha miguu inayopotelea kwenye jiwe. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini koo lilinikaba. Michoro hii ni ya maelfu ya miaka, UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mimi nimekulia Dodoma sijawahi kufika!

Mzee akatangulia na wenzangu. Huku nyuma, yule kiongozi wetu wa safari akafungua chupa ya maji ya kunywa na kumrushia twiga. Chwaa! Rangi ikakolea papo hapo, maji yakachuruzika miguuni mwa mnyama, naye akatoa simu akapiga picha.

Nikamuuliza, "Kaka, unafanya nini?"

"Dada, maji tu haya, si tindikali. Kwani mvua ikinyesha hailowi?"

Hailowi! Ndiyo maana wale wazee wa kale walichora chini ya jabali, na ndiyo maana bado tunaiona. Ukiloanisha mwamba, ukikauka chumvi za ndani zinatoka nje na kuacha utando mweupe juu ya mchoro. Ukirudia na kurudia, twiga kwisha. Nilipomwambia hivyo akacheka, akaniita mwalimu, kisha akanikumbusha kwamba hata Warangi wenyewe humwaga pombe ya mtama pale wakifanya tambiko.

Ni kweli, humwaga, na wahifadhi wanalalamika. Lakini yule anaomba mvua kwa mizimu ya kwao. Wewe unaomba nini, wateja?

Mzee aliporudi aliona ule umajimaji. Hakugomba. Alivua kofia akasimama tu, na mimi niliyekuja na huyo mtu nikatamani jabali linifunike. Baadaye akatuonyesha shimo walilochimba watu wanaosaka hazina eti ya Wajerumani, akasema kila anayekuja hapa anataka aondoke na kitu.

Nyota ngapi? Nilitaka kuwapa mbili, moja ya dereva na moja ya pilau, maana yule mpishi hana kosa. Na Mungomi kwenyewe nendeni, jamani, hata kesho: pandeni basi la Babati, shukeni Kolo, ingieni ofisi ya mambo ya kale pale pale mpate wa kuwaongoza. Hamhitaji mtu wa kati.

Kisha jana nikafungua simu. Wameweka picha ya yule twiga kwenye tangazo la safari ijayo, akiwa bado anatona maji, na maneno chini yake: "Rangi kama imechorwa jana." Pilau nayo naiondoa. Sifuri.