Makapi au molasi: kiwanda cha sukari kianze na kipi?

Kiwanda cha sukari kinaweza kugeuza mabaki yake kuwa nishati. Tani moja ya miwa ikishakamuliwa na sukari kutolewa huacha kilo 280 hivi za makapi (nyuzi za miwa) na kilo 40 hivi za molasi (maji mazito meusi yenye sukari). Makapi huingia kwenye boila yangali mabichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mvuke huzungusha mtambo, kiwanda kinapata umeme wake na wa ziada unauzwa. Kampuni ya sukari ya Mumias, magharibi mwa Kenya, ilijenga mtambo wa namna hiyo mwaka 2009, megawati 26 ziende kwenye gridi ya taifa ya umeme. Ila miwa ikikosekana, moto nao unazimika.

Molasi ina subira: hukaa kwenye tangi kwa miezi. Iongezee maji na hamira, iache ichachuke, kisha itoneshwe (ichemshwe, mvuke wake upozwe). Tani moja hutoa lita 240 hivi za ethanoli, yaani alkoholi. Tatizo ni masalia yake. Kila lita huacha lita 10 hadi 15 za maji meusi, ya moto, yenye tindikali (harufu yake haisahauliki!). Yakimwagwa mtoni, samaki wanakufa.

Mimi ningeanza na makapi. Kutonesha ethanoli kwenyewe kunahitaji mvuke, na mvuke hutokana na makapi.