Warsha ya Sukkot kwa watoto: uzoefu wangu

Wazazi wenzangu mlioko Toronto, mkipata nafasi ya kuwapeleka watoto kwenye warsha ya Sukkot, yaani Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi, wapelekeni. Sisi tunakaa karibu na Bathurst Street, ambako Wayahudi ni wengi, na kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba vibanda huchomoza uani na hata kwenye roshani za magorofa. Wanangu wakiviona wanauliza, na nilichokuwa nacho cha kuwajibu ni ile Sikukuu ya Vibanda ya Yohana 7, basi. Kituo kimoja cha jamii hapa jirani kikatangaza kwamba watoto wa dini zote wanakaribishwa, nikawaandikisha wote wawili, mmoja ana miaka mitano na mwingine tisa.

Hawakuanza kwa hotuba, na hilo lilinipendeza sana. Watoto walikabidhiwa mbao, kamba na turubai wasimamishe kuta. Kisha mwalimu akawapa masharti ya paa: liwe la kitu kilichoota ardhini kikakatwa, kivuli kizidi jua, ila ibaki mianya ya kuonea nyota usiku. Kwa mtu aliyekulia Pwani kama mimi, hayo ni kinyume kabisa; makuti yetu tunayabananisha ili tone lisipite. Binti yangu akauliza, "Mwalimu, mvua ikinyesha je?" Akajibiwa kuwa ikiwa ni mvua ya kuharibu chakula, ruhusa kuingia ndani. Hapo ndipo ikaingia hadithi ya Waisraeli waliotoka Misri wakahamahama jangwani miaka 40, na agizo la Mambo ya Walawi 23 la kukaa vibandani siku saba ili vizazi visisahau. Wakati huo watoto walikuwa wamekwisha kulala chali chini ya matawi wakitazama mawingu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa makao yasiyo imara yakoje.

Mwalimu akawadokezea pia kwamba katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya walimu wa Kiyahudi wa kale, wazee walijadiliana kama tembo aliyefungwa anaweza kuhesabiwa ukuta wa kibanda. Mwanangu mdogo hadi leo hana hadithi nyingine.

Sehemu ya mimea minne inayoshikwa katika ibada ya Sukkot ndiyo ningelipia tena. Kuna kuti changa la mtende, matawi ya mhadasi, matawi ya mwerebi, na etrogi, tunda la njano la jamii ya limau lenye ngozi ya mabonde-mabonde. Kila mtoto alilipokea kwa mikono miwili, maana kile kichomozo cha kwenye ncha kikivunjika halifai tena kwa ibada. Walinusa etrogi, wakafikicha jani la mhadasi, wakaonja tende, wakanusa mwerebi wasipate kitu. Ndipo mwalimu akasimulia: etrogi lina ladha na harufu, kama mtu mwenye elimu na matendo mema, tende ina ladha bila harufu, elimu bila matendo, mhadasi una harufu bila ladha, matendo bila elimu, mwerebi hauna hata kimoja, kama mtu asiye na elimu wala matendo. Na bado vyote vinne vinashikwa pamoja, vikatikiswa mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, juu na chini. Ukikosa mwerebi, hujatimiza. Binti yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, kwa hiyo hata yule hafukuzwi." Nilifurahi mno.

Kasoro zipo. Etrogi lilikuwa moja kwa kundi zima, na foleni iliwachosha wadogo. Ile desturi ya kuwakaribisha kila jioni wageni wa heshima, kuanzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo hadi Musa, Haruni, Yusufu na Daudi, iliachwa kwenye bango ukutani tu. Kwa watu wanaothamini mgeni kama sisi, hiyo ilistahili simulizi lake. Muda wake ulimezwa na karatasi za kupaka rangi, ambazo mtoto angezifanyia nyumbani.

Kibanda cha biskuti kilichogandishwa kwa sukari ya kupambia keki kilimfaa zaidi wa miaka mitano. Wa miaka tisa alitaka kurudi kwenye mbao. Waulizeni mapema kuhusu mzio wa karanga, na wavisheni watoto majaketi, kwa kuwa karibu kila kitu kinafanyika nje.