Siku nne Kisumu kwa gari-nyumba: uzoefu wangu

Mwezi Agosti mimi, mke wangu na wanetu wawili tulikodi gari-nyumba hapa Nakuru kwa shilingi 14,000 kwa siku, tukashika njia ya Kericho kwenda Kisumu. Lilikuwa na vitanda vinne, jiko la gesi, friji ndogo na tangi la maji la lita 60. Barabarani halina taabu, ila katika mteremko wa kutoka Kericho kuelekea Ahero dereva atumie gia ndogo, maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto.

Kosa langu lilikuwa kuliingiza katikati ya mji. Nilizunguka karibu saa nzima kati ya tuktuk na bodaboda nikitafuta pa kuegesha gari la kimo kile, hadi nikakata tamaa na kulipeleka Dunga, ufuko wa wavuvi nje kidogo ya mji, ambako mwenye uwanja alitukubalia tulale kando ya Ziwa Victoria. Kuanzia hapo mjini tulikwenda kwa tuktuk na kutembea kwa miguu, na ndipo tulipouona mji.

Sehemu ya kale ya Kisumu imejibana karibu na ziwa kwa sababu reli ndiyo iliyoizaa. Njia hiyo ilifika mwishoni mwa mwaka 1901, na kutoka hapo abiria na mizigo ya Uganda ilivushwa kwa meli; kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Wakati huo eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, hadi mwaka 1902. Ukisimama bandarini huku stesheni ikiwa hatua chache tu nyuma yako, huhitaji mtu wa kukueleza zaidi. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yalituchukua asubuhi nzima, hasa boma la Kiluo ambamo nyumba ya mke mkubwa inatazama lango. Wanangu, kusema kweli, walipenda nyoka wanaofugwa humo kuliko boma.

Usiku wa Dunga ndio unaostahili fedha za kukodi gari. Viboko hutoka majini kula nyasi, kwa hiyo tulionywa tusishuke garini baada ya giza, tukawa tunasikiliza mikoromo yao tukiwa vitandani. Taa nazo huzimwa mapema, la sivyo wadudu wa ziwani hujaa kila mahali.

Lawama yangu ni betri ya pili, ile inayoendesha friji na taa. Huchajiwa injini inapofanya kazi, nasi tulikuwa tumeegesha siku mbili. Asubuhi ya tatu friji ilikuwa imezima na samaki tuliowanunua kwa wavuvi wameharibika. Hakuna aliyetueleza jambo hilo tulipokabidhiwa funguo. Nilipolirudisha gari, wenyewe walinirudishia nusu ya kodi ya siku moja, na samaki wakasema hawahusiki.