Fugazi na albamu yao ya pili: ukavu wenye nguvu

Albamu ya pili ya Fugazi, Steady Diet of Nothing, ilitolewa na lebo ya Dischord mwaka 1991, na ndiyo ya kwanza ambayo bendi hii ya punk ya Washington ilisimamia kurekodi yenyewe, bila mtayarishaji wa kutoka nje. Uamuzi huo unasikika mapema: sauti ni kavu, ngoma za Brendan Canty hazina mwangwi wa kuzinenepesha, na wapenzi wa albamu yao ya kwanza, Repeater, iliyotoka mwaka mmoja kabla, huenda wakaona moto umepungua. Kwa maoni yangu ukavu huo unaudhi katika nyimbo mbili tatu za kasi, lakini kwingineko unaifaa kazi hii sana.

Sikiliza wimbo wa Long Division kwa spika za masikioni. Besi ya Joe Lally inatembea polepole, magitaa mawili yanapokezana noti chache bila kugombana, na Ian MacKaye, tuliyemzoea akipaza sauti, anaimba kwa utulivu unaobana kifua kuliko kelele yoyote. Hapo ndipo nilipoipenda albamu hii, baada ya kuisikiliza mara nyingi bila kuielewa.

Reclamation, inayodai haki ya mtu juu ya mwili wake mwenyewe, na Dear Justice Letter, iliyochochewa na kustaafu kwa Jaji William Brennan wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1990, zinaonyesha hasira iliyofikiriwa vizuri. Anayeanza kuwasikiliza Fugazi atangulie na Repeater, kisha aje huku bila haraka.