Nilipima programu kwa masikio: uzoefu wangu na NVDA na Accessibility Insights

"Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyoyasikia nilipofungua programu mpya ya kutunza kumbukumbu ambayo ofisi yetu ilitaka kuinunua. Vitufe vinne vilikuwa vimepangwa juu ya dirisha, na kisoma skrini changu, ile programu inayonitamkia kilichopo kwenye kompyuta, hakikupewa jina la hata kimoja. Mwenzangu anayeona akaniambia cha kwanza kina picha ya karatasi, cha pili diski, cha tatu penseli, cha nne pipa la taka. Kwake kila kitu kilikuwa wazi. Kwangu, kuhifadhi rekodi na kuifuta zilikuwa sauti ileile.

Mimi sioni. Kompyuta naitumia kwa kisoma skrini, kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Nimezoea kuletewa programu ikiwa imeshanunuliwa, imeshafungwa kwenye kila mashine, kisha naulizwa kama naweza "kujaribu kuizoea". Safari hii niliombwa kuipima kabla ya fedha kutoka. Nilipewa siku tano. Nilitumia zana mbili za bure, NVDA, ambayo ndiyo kisoma skrini changu, na Accessibility Insights for Windows, inayokagua kama programu inatumika na watu wenye ulemavu, na haya ni maoni yangu kuhusu zote mbili baada ya kuzifanyisha kazi kweli. Programu yenyewe siitaji jina, maana walioiunda bado wanairekebisha.

Nianze na NVDA, ambayo ni mkono wangu wa kulia. Ilianza mwaka 2006, pale Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, alipoamua kuandika kisoma skrini ambacho mtu angekipata bila kulipa. Akaungana na James Teh, ambaye naye haoni, wakaanzisha shirika la NV Access. Ni programu huria mpaka leo. Nayataja haya kwa sababu yanasikika ukiitumia: imeandikwa na watu ambao ikiharibika, na wao wanabaki gizani.

Kwa mtu anayepima, NVDA ina mambo ambayo watumiaji wengi wa kila siku hawayagusi. Unaweza kuiweka kwenye flashi na kuiendesha bila kuisakinisha, kwa hiyo sikuhitaji kumwomba mtu wa mitambo ruhusa ya kila mashine. Katika menyu ya zana zake kuna kidirisha kinachoandika kila neno linalotamkwa, na hicho ndicho kilichowafungua macho wenzangu wanaoona, kwani kusikiliza sauti ya kasi hawawezi lakini kusoma wanaweza. Kuna pia pazia la skrini: ukiliwasha, skrini inakuwa nyeusi tii na kompyuta inaendelea kufanya kazi. Pazia hilo nitalirudia. Sauti ya Kiswahili ipo, kupitia eSpeak NG inayokuja ndani yake. Kwa mgeni inasikika kavu, lakini ukiipandisha kasi inabaki inaeleweka, na kasi ndiyo ninayoitaka mimi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo watu wengi hawalijui. Kisoma skrini hakiangalii skrini. Kinauliza. Kila dirisha, kila kitufe, kila kisanduku cha maandishi kinatakiwa kujieleza kwa mfumo wa kompyuta: jina langu ni hili, mimi ni kitufe, sasa hivi nimebonyezwa au sijabonyezwa. Kwenye Windows mazungumzo hayo yalianza na njia iitwayo Microsoft Active Accessibility mwaka 1997, na sasa hupita zaidi kwenye UI Automation. Mac ina njia yake, na Linux ina AT-SPI. Msanidi akitumia vitufe vya kawaida vya mfumo, sehemu kubwa ya maelezo hayo anaipata bure. Akiamua kuchora kitufe chake mwenyewe ili kipendeze, asipokieleza, basi kwa kisoma skrini hakipo duniani.

Siku ya kwanza, zaidi ya kuifungua, sikuigusa programu mimi. Nilimwachia mwenzangu ambaye mikono yake hutetemeka na kipanya hawezi kukishika. Yeye haihitaji NVDA. Anahitaji kibodi tu. Nilimpa kazi tano za kweli: sajili rekodi mpya, ambatisha faili, tafuta rekodi ya zamani, sahihisha tarehe, chapisha. Nasisitiza kazi, si madirisha. Programu inaweza kuwa na madirisha kumi na tisa mazuri na moja bovu, na kama hilo moja ndilo la kuhifadhi, umepata programu ambayo huwezi kuitumia.

Alikwama kwenye kisanduku cha maelezo. Kila akibonyeza Tab, badala ya kwenda mbele, nafasi tupu inaongezeka ndani ya maandishi. Mwishowe tukagundua Ctrl na Tab kwa pamoja zinamtoa, ila hakuna mahali popote palipomwambia hivyo. WCAG, miongozo ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inalisema hili waziwazi katika kigezo 2.1.2: kama kutoka mahali kunataka zaidi ya funguo za kawaida, mtumiaji aambiwe. WCAG iliandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini W3C, shirika la viwango vya wavuti linaloitoa, ina mwongozo uitwao WCAG2ICT unaoeleza namna ya kuitumia kwa programu zisizo za wavuti, na kiwango cha Ulaya cha EN 301 549 kina sura nzima ya programu, sura ya 11. Kwa hiyo msanidi akikwambia hakuna vigezo vya programu za kompyuta, vipo.

Siku ya pili ikawa yangu. Nilijaza rekodi nzima, nikafika kwenye kitufe cha pili ambacho sasa nilijua ni diski, nikabonyeza Enter. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikadhani imehifadhiwa, nikaenda kuitafuta, haipo. Nikarudi, nikajaza upya kila kitu herufi kwa herufi, nikabonyeza, kimya kilekile. Mwenzangu akapita nyuma yangu.

"Dada, inakwambia tarehe si sahihi. Pale chini kabisa, kwa nyekundu."

Nilikaa kidogo bila kusema kitu. Dakika ishirini zilikuwa zimekwenda kwa sababu ya ujumbe wa maneno matatu ambao programu iliuandika na haikumtangazia yeyote. Mfumo una njia ya kutuma taarifa kama hiyo kwa kisoma skrini ili itamkwe papo hapo, bila mtumiaji kuhama alipo. Haikutumika.

Kilichonisikitisha zaidi nilikiona siku ya tatu. Mwenzetu mwenye uoni hafifu, anayetumia kikuza skrini kwa asilimia 300, naye alikwama hapohapo. Akiwa amekuza hivyo, sehemu ya chini ya dirisha haipo mbele yake kabisa. Na hata alipoishusha akaifikia, nyekundu ile juu ya kijivu haikusomeka. Tuliipima kwa kipimo cha rangi kilichomo kwenye Accessibility Insights: utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli ulikuwa 2.9 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa angalau 4.5 kwa 1. Kosa moja, watu wawili, sababu mbili tofauti kabisa.

Sasa kuhusu Accessibility Insights. Imetengenezwa na Microsoft, nayo ni huria. Ina sehemu inayofuata mahali ulipo na kukuonyesha kila kitu ambacho kidude hicho kimeuambia mfumo: jina, aina, hali, amri kinazozikubali. Nilipofika kwenye vile vitufe vinne, sehemu ya jina ilikuwa tupu, na hapo ubishi ukaisha. Si kwamba NVDA imekosea kusoma, hakuna cha kusoma. Ina pia ukaguzi wa haraka unaopita dirisha zima na kuorodhesha makosa. Kwenye dirisha la kwanza uliyakuta makosa 31, ndani ya muda mfupi kuliko ninaotumia kulipitia dirisha hilo mara moja.

Lakini dirisha la pili lilipita. Safi, bila kosa hata moja. Nikawasha NVDA, nikashuka kwa Tab, nikasikia: "toolStripButton4, kitufe." Jina lipo, kwa hiyo mashine imeridhika. Ni jina ambalo zana ya kutengenezea programu hulipachika yenyewe msanidi asipoandika lake. Ukaguzi wa aina hii haukujua kuwa jina hilo halimsaidii mtu, na ndiyo maana sitakubali ripoti ya ukaguzi wa mashine peke yake hata iwe ndefu vipi. Itumie kuokota makosa ya wazi asubuhi, kisha mchana mzima ukae na mtu.

Waliounda programu walikuwa wametuletea ripoti yao kwa muundo wa VPAT, ule ambao kila kigezo kinajibiwa inakidhi, inakidhi kwa sehemu, haikidhi au haihusiki. Kwenye kibodi waliandika inakidhi. Kwenye jina, aina na hali, inakidhi. Siamini kuwa walidanganya. Naamini walipima kwa mashine, dirisha la pili likapita, wakafurahi.

Siku ya nne tukakutana na msanidi mmojawao. Kijana mpole, alikuja na kompyuta yake. Swali lake la kwanza lilikuwa watu kama sisi tuko wangapi. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mmoja katika kila sita. Wasioona ni sehemu tu ya hao. Kisha nikamwambia wa kuanzia ni sisi watatu tulioketi mbele yake. Nikachomeka flashi, nikawasha NVDA kwenye mashine yake, nikamfundisha funguo tano, nikashusha pazia la skrini.

"Kaka, hifadhi rekodi moja tu. Ni programu yako, unaijua kuliko mimi."

Akaanza vizuri. Akajaza jina, namba, tarehe. Akapanda juu. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Nikamsikia akirudi nyuma, akienda mbele, akihesabu kwa sauti ya chini. Akabonyeza Enter. Nikaondoa pazia. Rekodi haikuwepo, alikuwa amelifikia pipa la taka, na programu haikumwuliza kama ana uhakika. Hakusema kitu kwa muda, kisha akasema, "Samahani dada. Sikujua." Nilimwelewa kabisa, na nilimpenda kwa kutojitetea.

Jioni ileile alitutumia toleo jingine. Jina la kitufe ni sifa moja tu, AccessibleName kwenye Windows Forms, zana aliyotumia kutengeneza programu, na aliviandikia vyote. "Mpya, kitufe. Hifadhi, kitufe. Hariri, kitufe. Futa, kitufe." Nilivisikiliza mara tatu mfululizo. Ujumbe wa tarehe sasa unatamkwa, na kisanduku cha maelezo kinatoka kwa Tab ya kawaida.

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe, nina tahadhari moja kuhusu NVDA. Mtu anayeona akiiwasha kwa mara ya kwanza, ataona kila kitu kibovu, kumbe ni yeye hajui funguo. Kuna pia kosa la kinyume chake: NVDA inaweza kutembea kwenye vidude moja baada ya kingine hata vile ambavyo Tab haivifikii, na nimewahi kumsikia mpimaji akisema kitufe "kinafikika" kwa njia hiyo. Kwa mjuzi, labda. Kwa yule mwenzangu wa mikono inayotetemeka, ambaye hana kisoma skrini, hakifikiki. Jifunze kwa wiki moja kwenye programu unayoijua vizuri, au bora zaidi mtafute mtu anayeitegemea kila siku na umlipe kwa kazi yake. Kwenye Mac washa kisoma skrini chake, VoiceOver, kwa Command na F5. Kwenye Linux kuna Orca. Na usiache kuwasha mandhari ya utofautishaji mkubwa ya Windows, Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja. Sisi tulipofanya hivyo, ikoni nyeusi za programu zilipotea kwenye usuli mweusi, na mwenye uoni hafifu ndiye aliyeligundua.

NVDA naipa alama zote. Accessibility Insights naipa karibu zote, kwa sharti kwamba haiachwi kusema peke yake.

Limebaki jedwali la matokeo ya utafutaji. Limechorwa lote kwa mkono, mistari na seli zake, kwa hiyo kwa UI Automation ni kisanduku kimoja kitupu. Nikitafuta rekodi, programu inazipata, wenzangu wanaziona, nami nasikia "kidirisha" basi. Hilo halirekebishwi kwa mstari mmoja. Lazima kila seli ifundishwe kujieleza. Kijana ameomba wiki sita. Kwenye ripoti yangu, katika kazi ya tatu, tafuta rekodi ya zamani, nimeandika haikidhi, nimependekeza ununuzi usubiri, na mkuu wa ofisi ametia saini. Flashi bado ninayo kwenye droo.