Silinda ya risasi za ganda kwenye Remington ya 1858: uzoefu wangu wa miaka miwili

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyonitoa hela mfukoni. Baruti nyeusi ikishawaka huacha masizi yenye salfa, na masizi hayo yakikutana na maji ya moto yananuka yai viza. Mke wangu alivumilia wiki nne za mimi kuoshea bastola kwenye sinki la jikoni. Wiki ya tano akanikuta na mswaki wa zamani mkononi, akasimama mlangoni. "Baba Zuhura, leo utachagua. Ama hilo gobore lako, ama pilau." Nikahamia gereji, na usiku huohuo nikaanza kutafuta silinda ya kubadilishia, yaani ile sehemu ya bastola inayozunguka na kubeba risasi.

Ninaishi nje kidogo ya Houston, Texas. Bastola ninayoizungumzia ni nakala ya Remington New Model Army, kaliba .44, kazi ya kiwanda cha Pietta cha mkoa wa Brescia, Italia. Huku wanaiita "ya 1858" kwa sababu ya tarehe ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, iliyogongwa kwenye mitutu ya zile za asili, 14 Septemba 1858, ingawa toleo hili lenyewe lilianza kutoka mwaka 1863, vita vya Wamarekani wao kwa wao vikiwa vimepamba moto. Haitumii risasi za ganda, zile ambazo baruti, kichwa na kiwashio viko pamoja kwenye ganda moja. Kila chemba, yaani tundu la silinda, unaimiminia baruti, unaweka goroli, unashindilia kwa mdeki ulioning'inia chini ya mtutu, unapaka grisi juu ili cheche zisirukie chemba ya jirani, halafu unavalisha fataki kwa nyuma. Fanya hivyo mara sita. Aliyewahi kuona gobore likishindiliwa kule Handeni ameshaelewa, ila azidishe kwa sita.

Mimi nimeliona sana. Babu yangu alikuwa nalo, la kibali, la kufukuzia nguruwe pori mahindini. Sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa kushika pembe ya baruti na kunyamaza. Kwa hiyo sikuinunua Remington kwa ajili ya shabaha, niliinunua kwa ajili ya ule moshi. Nalisema hili mapema ili ujue anayekupa maoni hapa si mshindani wa mashindano, ni mjukuu wa mwenye gobore.

Sasa bidhaa yenyewe. Silinda ya kubadilishia inakuja vipande viwili: silinda iliyotobolewa moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma, na kifuniko cha nyuma chenye pini za kugonga kiwashio cha risasi. Ninayotumia mimi ni ya risasi za ganda aina ya .45 Colt, chemba 6, na kifuniko chake kina pini 6, kila chemba na yake. Kitako cha risasi ya .45 Colt kina ukingo mpana, sita hazienei vizuri kwenye silinda ya ukubwa huu, kwa hiyo mafundi wamezitoboa chemba kwa mwinamo mdogo mno ambao kwa macho huuoni. Ziko pia silinda za chemba 5 zenye pini moja na kilango cha kuingizia risasi pembeni, lakini hizo ili uzifaidi inabidi fundi bunduki akate fremu. Sikutaka mtu aikate ya kwangu.

Wazo lenyewe si la juzi. Silinda iliyotobolewa hadi nyuma ilikuwa imefungwa na hataza ya mvumbuzi Rollin White ya mwaka 1855, na waliokuwa na haki ya kuitumia ni kiwanda cha Smith & Wesson. Remington waliwalipa, wakaanza kugeuza bastola zao mwaka 1868. Colt walisubiri hataza iishe 1869, wakatoka na mageuzi ya fundi wao Charles Richards mwaka 1871. Jeshi lilikuwa na maghala ya bastola za kushindilia ambazo hakuna aliyetaka kuzitupa. Ni kama fundi wa magari wa Gerezani, Dar es Salaam, anayekutolea injini ya petroli akuwekee ya dizeli, bodi ikabaki ileile.

Kuagiza ndiko nilikoumia. Muuzaji wa kwanza nilimwuliza kwa maandishi kama silinda yake inaingia kwenye Pietta. Akajibu inaingia kwenye "1858 zote". Ikafika, nikaivua ya zamani, nikaiweka mpya: haiingii. Nikageuza, nikapuliza, nikapaka mafuta, wapi. Ilikuwa ya Uberti, kiwanda kingine cha nakala hizi. Nakala hizi mbili zinafanana kama mapacha, lakini vipimo vyao havilingani, na silinda ya huyu haikai kwa yule. Muuzaji akakubali kuirudisha, ila posta juu yangu na asilimia 15 akaikata, eti boksi limefunguliwa. Sijui alitaka niijaribu bila kufungua boksi! Kabla hujalipa, angalia alama ya kiwanda iliyo kwenye fremu, uipige picha, umtumie muuzaji.

Ya pili, kutoka kwa mwingine, iliingia kama kidole kwenye pete. Ilinigharimu dola 289 na posta, na bastola nzima nilikuwa nimeinunua kwa 330. Piga hesabu mwenyewe.

Kubadilisha ni kazi ya dakika moja, na hapo ndipo Remington inapomshinda Colt wa zama zake. Unarudisha nyundo nusu, unashusha mdeki, unavuta mhimili mbele, silinda inaviringika na kukuangukia mkononi. Hakuna kabari ya kugonga kama kwa Colt. Lakini kwa silinda hii ya pini sita, kuiingiza bastolani mara moja hakutoshi: kila ukimaliza risasi unaitoa nzima, unavua kifuniko, unasukuma maganda kwa kijiti, unajaza, unarudisha. Watu wakisikia "risasi za kisasa" wanadhani watakuwa wanamimina na kujaza kama kwenye sinema. Mimi hunichukua kama dakika mbili. Ukilinganisha na zile kumi za kushindilia ni nafuu kubwa, ila haraka haipo.

Kwenye shabaha, kwa hatua 15, kwa baruti na goroli risasi zangu zilikuwa zikitawanyika upana wa sahani ya wali. Kwa .45 Colt zinaingia kwenye kisahani cha chai. Mkono haurushwi sana, mlio ni mkavu zaidi, na moshi hakuna kabisa. Mara ya kwanza nilifyatua nikabaki nimesimama nikingoja wingu lipite. Halikuja. Mzee mmoja wa meza ya pili, kofia pana, alicheka akaniambia hata yeye siku ya kwanza aliisubiri.

Kasoro ipo. Mwezi wa pili, pini moja ilianza kugonga kiwashio kwa upole: katika kila sita, moja inagoma. Unafyatua, kimya. Hapo usikurupuke, shikilia bastola ikitazama mbele, hesabu hadi 30, ndipo uitoe silinda. Nilidhani ni springi ya nyundo. Kumbe uchafu ulikuwa umeingia kwenye tundu la pini hiyo, na maelezo yaliyokuja na boksi hayasemi popote kwamba kifuniko kinahitaji kusafishwa kwa ndani. Fundi alikifungua, akakisafisha, haijarudia. Siku hizi nampelekea mara moja kwa mwaka.

Kuhusu risasi zenyewe, hapa sitanii. Tumia zile nyepesi zinazouzwa kwa ajili ya michezo ya kikauboi, basi. Sanduku la .45 Colt za nguvu zinazotengenezewa bastola nzito za leo linafanana kabisa na hizo, na likiingia kwenye nakala ya bastola ya miaka ya 1860 unaweza kupoteza bastola na vidole vyako pamoja. Kichwa cha risasi kiwe cha madini ya risasi tupu, kisivalishwe shaba. Kiswahili chetu kimeshamaliza kazi hapo: risasi iwe ya risasi. Na kama fremu ya bastola yako ni ya shaba nyeupe, ile ya njano inayong'aa kama birika la bibi arusi, silinda hii isahau. Shaba nyeupe ni laini, inanyooka. Ni fremu ya chuma peke yake. Wenye kaliba .36 nao wajue kwamba .38 Special ni nyembamba kuliko mtutu wao. Wanahitaji risasi zenye kitako chenye shimo, zinazotanuka zikifyatuliwa, la sivyo zitacheza mtutuni na hazitapiga popote.

Kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia na lingeweza kumponza Mswahili mwenzangu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaiona nakala ya kushindilia kama kitu cha kale, si silaha kamili, ndiyo maana nyingi zinauzwa kwa posta. Ukiivalisha silinda ya risasi za ganda, hesabu inabadilika: hiyo sasa ni silaha kama nyingine, na masharti yote ya silaha yanakuhusu. Mdogo wangu aliyekuja kusoma kwa viza ya mwanafunzi aliiomba tukaijaribu pamoja. Nikamkatalia, naye akaninunia wiki nzima. Mwenye viza ya muda, kwa kawaida, haruhusiwi kushika silaha wala risasi, na hilo si jambo la kujaribu bahati. Majimbo nayo yana yao, uliza unakoishi kabla hujaagiza. Na wanaoniandikia kama wanaweza kubeba moja kwenda nayo nyumbani: Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hata gobore la babu lilikuwa na karatasi zake. Usijaribu.

Je, ningeinunua tena? Kwa anayefyatua kila wiki, ndiyo. Usafi umekuwa kitambaa na mafuta, robo saa, nyumba hainuki. Kwa anayetaka bastola ya kisasa, hapana. Ongeza hela kidogo ununue iliyozaliwa na risasi za ganda, ina kilango chake na haikusumbui kuvua silinda kila baada ya sita. Mimi niko katikati. Silinda zote mbili ziko kwenye kasha moja, na kwa miezi ya mwanzo ile ya zamani sikuigusa, hata ikaanza kuota kutu kwenye chuchu za fataki.

Jumamosi iliyopita nilimchukua Zuhura uwanjani, ana miaka 13, anakaa nyuma ya mstari na vizibo vyake vya masikio. Nikafyatua sita za .45, nzuri, zote ndani ya kisahani. Akanyanyua kizibo kimoja.

"Baba, ile ya moshi ya babu iko wapi?"

Nikarudi garini kuifuata pamoja na pembe ya baruti. Yeye ndiye aliyeishika pembe. Usiku tuliosha wawili, gerejini, kwenye ndoo, mlango wa jikoni tumeufunga.